Chuma Ndani ya Paja la Ismail

Cha kwanza nilichoona ni nyayo. Ismail, mume wangu, alikuwa amelala chali kando ya lori, Kariakoo. Unyayo wa kushoto ulitazama juu. Wa kulia ulikuwa umeangukia upande, kama si wake.

Mchana mimi humpelekea chakula kazini. Yeye hushusha mabalo ya mitumba kutoka kwenye malori. Siku hiyo aliteleza juu ya lori akaanguka, na balo likamwangukia pajani.

"Mpakieni kwenye bodaboda!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Uvuteni huo mguu, utarudi!" mwingine akadakia.

"Asiuguse mtu!" alisema Beno, mpagazi mwenzake. "Mnataka mfupa utoboe nyama? Shemeji, nipe khanga."

Nikavua khanga ya juu. Beno aliweka ubao kando ya mguu, kuanzia ubavuni mpaka chini ya unyayo. Aliufunga polepole, bila kuuvuta. Tukamlaza kwenye kigari cha mizigo, tukaenda hospitali.

Picha ilionyesha mfupa wa paja umevunjika katikati. Daktari alisema atapasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Wakati akisubiri zamu yake, mguu ulivutwa kwa kamba yenye uzito.

Habari zilifika nyumbani, Magomeni. Mama mkwe wangu, Bi Waridi, akanunua jogoo. Kijijini kwao kuna fundi wa kuunga mifupa. Fundi huyo humvunja kuku mguu, kisha humfunga dawa ile ile anayomfunga mgonjwa. Kuku akianza kutembea, mgonjwa naye huambiwa asimame.

Jioni Bi Waridi alikuja wodini.

"Kesho namchukua mwanangu," alisema. "Gari lipo, na jogoo yupo."

Muuguzi wa zamu alikuwa Selina, jirani yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi, nauliza tu. Huyo jogoo kosa lake nini?"

Wagonjwa walicheka. Ismail naye alicheka, halafu akauma meno kwa maumivu.

Selina akavuta kiti, akakaa karibu na Bi Waridi.

"Kuku ni mwepesi, mama. Mtu ni mzito, na paja lake lina misuli yenye nguvu. Mfupa ukivunjika, misuli inavuta vipande. Kimoja kinapanda juu ya kingine. Ukiacha hivyo, mfupa utaunga, lakini utaunga mfupi au umepinda. Dawa ya kufunga kwa nje haifiki kule ndani."

"Na chuma je? Mwanangu aishi na msumari pajani kama mlango?"

"Mfupa una uwazi katikati, ndimo unamokaa uboho. Daktari anachana sehemu ndogo, karibu na nyonga au goti. Anapitisha fimbo ya chuma humo ndani, vipande vikae kwenye mstari mmoja. Kisha anaweka skrubu juu na chini, mfupa usizunguke."

"Si atapiga kelele mji mzima!"

"Atapigwa ganzi, au atalazwa usingizi."

"Na kutu?"

"Chuma hicho hakishiki kutu. Na hakiungi mfupa, mama. Mfupa unajiunga wenyewe. Chuma kinaushikilia tu."

Bi Waridi akamtazama mwanawe. "Na akifa mezani?"

Selina hakucheka. "Kila upasuaji una hatari. Damu inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuingia wadudu. Ndiyo maana tunampima kwanza na kumpa dawa. Lakini kulala kitandani miezi na miezi nako ni hatari. Mgongo unatoka vidonda, damu inaganda miguuni, mapafu yanaugua."

Daktari alifika. Akamuuliza Ismail kama amekubali.

"Mama ndiye mwenye neno," Ismail akajibu.

Bi Waridi akaanza kukusanya vyombo. Alikuwa ameshaamua.

"Mama," nikasema.

Kwetu mimi ni mtu wa kuitikia. Sikuwa nimewahi kumpinga.

"Mama, mimi nataka apasuliwe."

Aliweka sufuria chini. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe? Unayeona haya hata kuomba chumvi?"

"Ndiyo, mama."

Ismail alinitazama. Kisha akamgeukia daktari.

"Nimekubali," akasema.

Alipasuliwa. Haikupita muda mrefu, mtaalamu wa mazoezi akamsimamisha kwa magongo. Bi Waridi alifumba macho. Ismail alipiga hatua moja, akatoka jasho, akapiga nyingine.

Nyumbani, Bi Waridi alitenga maji ya moto amkande. Selina akamzuia.

"Kidonda kikae kikavu, mama. Akiona usaha, akipata homa, mguu ukivimba ghafla au akishindwa kupumua, mrudisheni hospitali haraka."

Jogoo tulimpika supu. Ismail alikunywa mabakuli mawili.

Alifanya mazoezi ya goti kila siku, akihesabu kwa sauti na kulalamika. Aliendelea kwenda kliniki. Picha za baadaye zilionyesha mfupa umeunga. Miguu yake ilikuwa na urefu mmoja. Daktari alipomruhusu, alirudi Kariakoo. Alianza na kazi nyepesi, kisha akarudi kwenye mabalo.

Siku aliyorudi kazini, mimi na Bi Waridi tulikuwa uani tunachambua mchele.

"Anifa," alisema, "siku ile hospitali, ulimi uliutoa wapi?"

Niliendelea kuchambua. Kisha nikamwambia.

"Baba yangu aliwahi kuvunjika paja. Akaungwa nyumbani. Mguu ukawa mfupi, kazi ikamshinda. Nilikuwa darasa la tano. Nikaachishwa shule, nikawa nauza karanga Mnazi Mmoja."

"Mbona hukuwahi kusema?"

Ungo ulikuwa magotini. Nilitoa punje moja mbovu, nikaitupa.

"Niliipenda shule, mama."