Skuta Isiyotoa Moshi

Kila siku shule ilipofungwa, Chepkoech alitoka langoni peke yake. Wenzake walitoka wawili wawili, wakisukumana na kucheka, naye akapita kando ya ukuta. Rafiki yake Reena alikuwa amehamia mji mwingine na wazazi wake. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina, isipokuwa mwalimu alipoita majina asubuhi.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Mama yake, Kwamboka, alihudumia wagonjwa hospitalini hadi jioni, na nyumba yao ya Bordesley Green, mjini Birmingham, Uingereza, ilikuwa kimya. Baba yake alifariki Chepkoech akiwa mdogo. Kwa hiyo mama alimruhusu amsubiri kwenye gereji ya Mzee Balwinder, kule Tyseley, karibu na reli.

Mzee Balwinder alikuwa Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mtoto wa fundi wa malori. Alifufua skuta na malori ya zamani ambayo wengine waliyaita chuma chakavu. Alizungumza na Chepkoech kwa Kiswahili. Chepkoech alielewa kila neno, lakini alijibu kwa Kiingereza, kwa kuogopa kuchekwa.

"Mama, lete spana kumi na tatu," mzee alisema, maana ndivyo alivyomwita Chepkoech.

"Here."

"Here ndiyo nini? Sema 'hii hapa'. Kiswahili hakivunji meno!"

Chepkoech alitabasamu. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambapo mtu alimtania.

Mzee alikuwa na skuta yake nyekundu, kuukuu kuliko mama yake Chepkoech. Kila kiangazi aliipanda hadi milima ya Wales, akafuata njia za mawe ambako simu haishiki. Zamani mkewe alikaa nyuma. Siku hizi nyuma palifungwa begi tu. Alimfundisha Chepkoech kusoma ramani ya karatasi. "Mistari hii ikibanana, mlima umesimama wima. Ikiachana, hapo unaweza kupumua."

Ijumaa moja mzee alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Jioni hiyo alitaka kuanza safari.

"Mama! Ile nyekundu tia mafuta. Petroli nitaongeza mwenyewe."

Chepkoech alisimama mbele ya rafu. Mafuta gani? Juzi walikuwa wametia mafuta ya giaboksi. Alitaka kuuliza, akaona haya. Mzee angesema, "Mtoto wa Birmingham, hata mafuta huyajui!" Akafungua giaboksi, akaona imejaa, akaifunga.

"Nyekundu umetia mafuta?"

"Yes," alijibu haraka.

Jioni mama alimpitia gerejini, wakarudi nyumbani. Mama alikuwa amechoka, akavua viatu mlangoni.

"Hebu jipake mafuta, binti. Miguu imepauka kama ya mbuzi."

Chepkoech akajipaka. Kidogo mama akaita kutoka jikoni, "Niletee mafuta nikaange sukuma wiki."

Chepkoech alichukua chupa ya mafuta ya kupikia, kisha akasimama kama mti. Ya kupaka, mafuta. Ya kukaangia, mafuta. Na ile chupa ndogo kwenye rafu ya mzee, ambayo haikuguswa leo, nayo ilikuwa mafuta. Alikumbuka sasa. Skuta ya zamani hainywi petroli tupu. Ni lazima petroli ichanganywe na mafuta kidogo ndani ya tangi. Yasipokuwemo, injini hupata moto, pistoni hukwama, na gurudumu la nyuma hujifunga ghafla skuta ikiwa mbioni. Mzee alikuwa amemwonyesha pistoni iliyokwama, imechanika ubavuni kama imekwaruzwa na makucha.

Angesema? Mzee angejua alimdanganya, naye asingemtaka tena pale gerejini. Kisha Jumatatu angekwenda wapi? Akampa mama chupa, akanyamaza.

Chakula kilipoiva waliinamisha vichwa. Mama aliomba, "Bwana, bariki chakula hiki. Walinde walio safarini. Umlinde Mzee Balwinder huko milimani. Amina."

Mama akangoja. "Amina yako iko wapi?"

Chepkoech alianza kulia. Akaeleza yote.

Mama hakumkemea. Alifunika sahani. "Mwanangu, huwezi kumwomba Mungu amwondolee mtu jiwe njiani, na wewe ndiye uliyeliweka, na bado unalitazama tu. Vaa viatu."

Walipiga simu, haikupokelewa. Wakaingia kwenye gari dogo la mama. Njia nzima Chepkoech alitazama kila skuta iliyopita.

Walipofika, mzee alikuwa nje ya gereji, juu ya skuta, begi limefungwa nyuma, kilemba kimekazwa vizuri. Injini ilikuwa inanguruma. Chepkoech alitazama bomba la moshi. Siku zote lilitoa moshi mwembamba wa samawati. Leo halikutoa chochote.

"Zima!" alipiga kelele akikimbia. "Mzee, zima! Sikutia mafuta!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa Kiswahili.

Mzee alizima. Akafungua tangi, akachovya kijiti, akasugua petroli kati ya vidole. Haikuteleza hata kidogo.

"Uliniambia yes."

"Nilifikiri ni ya giaboksi. Halafu nyumbani nikajua, na bado nikanyamaza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ungeniona mjinga. Na nikisema ukweli, utanifukuza. Sina mahali pengine pa kwenda."

Mzee alishuka polepole, akaketi kwenye ngazi ya lori. Treni ilipita, ikaenda zake.

"Mimi pia nimekosea," alisema mwishowe. "Gereji nzima ni mafuta, nami nasema mafuta tu, halafu nataka mtu ajue moyo wangu. Lakini kosa la kutoelewa ni jambo dogo, mama; kubwa ni kulificha. Leta karai, tumwage hii petroli tuanze upya. Safari itakuwa kesho."

Walifanya kazi watatu. Mama Kwamboka alishika karai, na Chepkoech akapima mafuta mwenyewe, akiuliza kila hatua, "Hadi hapa? Hii hapa?" Mzee alijibu kila mara bila kuchoka. Walipowasha tena, moshi wa samawati ulitoka.

"Jumatatu nije?" Chepkoech aliuliza.

"Usipokuja nitakufuata shuleni kwa lori, nipige honi langoni, uone aibu," alisema mzee, na mama akacheka. Kisha uso wa mzee ukatulia. "Nisikilize. Watu hudhani naenda mlimani peke yangu. Mke wangu hayupo, ni kweli, na bondeni kule hakuna wa kuniokota. Lakini aliyeitengeneza skuta nakwenda naye, kwa sababu nimeliamini neno lake. Ukiwa na shaka, uliza. Ukikosea, sema mapema. Mtu anayesema kweli hamwachi mwenzake peke yake njiani, hata akiwa mbali."