Bunduki Nitachagua Mwenyewe

"Hiyo weka chini, Dama. Chukua hii."

Harrison alimsukumia mkewe bunduki nyeusi ya betri, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Dama hakuipokea.

"Nani amekuomba unichagulie?"

"Nakusaidia tu. Mimi nimecheza miaka miwili."

"Simu ulinisaidia kuchagua. Viatu ulinisaidia. Hata mtindo wa kusuka nywele ulinisaidia. Ndiyo maana sasa nalala kwa Gillian."

Foleni nzima ikawageukia. Walikuwa Diani, kwenye kibanda cha vifaa cha uwanja wa peintiboli, ule mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi. Hoteli yao ilikuwa imeunda timu mbili za wafanyakazi, na kila mchezaji mpya alinunuliwa vifaa vyake, mradi achague mwenyewe. Dama alifua mashuka laundri. Harrison alikuwa dereva wa wageni. Ndoa yao ilikuwa ya miaka sita, na ulikuwa mwezi wa tatu tangu Dama ahame nyumbani.

Mwenye kibanda, Kenga, akakohoa.

"Dada, umewahi kucheza?"

"Hata kushika bunduki sijawahi."

"Basi bunduki ingoje. Tuanze na macho."

Akamvalisha barakoa.

"Inama. Geuka kushoto. Pumua kwa nguvu. Waona vizuri?"

"Hapana, imeingia ukungu."

"Ivue. Jaribu hii ya vioo viwili. Hapa usione haya kunisumbua, jicho halina spea."

Barakoa ya tatu ndiyo iliyomkaa. Kenga akapanga bunduki tatu mezani, na Dama akaziinua moja moja mpaka begani. Ile ya Harrison ilimshinda uzito. Ya mwisho ilikuwa fupi, haina betri wala mapambo.

"Hii hufyatua risasi moja moja," Kenga akasema. "Si ya kujishaua. Lakini ikiingia mchanga waifungua, waifuta, waendelea. Na mtungi wake wa hewa ni mdogo, hautakulemea."

"Hiyo ni ya watoto!" Harrison akadakia.

"Kaka Kenga, nifungie hii. Na glavu, na kinga ya shingo."

Jioni ile simu ya Dama ikalia. Ujumbe wa Harrison.

"Utaaibika na hiyo bunduki. Rudi ubadilishe. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

Dama akajibu: "Ukinipenda niulize, usiniamrishe. Tuonane Jumamosi."

Jumamosi laundri na jikoni walikutana na madereva na walinzi. Nahodha wa madereva alikuwa Harrison. Dama aliweka risasi zake kivulini hadi dakika ya mwisho, maana Kenga alimwonya kuwa jua la Diani huzivimbisha.

Filimbi ikalia. Haikupita robo saa, watu wakatoka mmoja mmoja wamelowa rangi. Gillian, mwenzake wa laundri aliyempa pa kulala, alipigwa tumboni, akatoka akipiga kelele:

"Dama, umebaki solo! Usituangushe, aki!"

Upande wa pili naye Harrison alibaki peke yake. Bunduki yake ya betri ikamwaga risasi, tatatata, mpaka pipa alilojifichia Dama likageuka la kijani.

"Toka, mke wangu! Nitakupiga polepole!"

Dama akalala kifudifudi bila kufyatua. Mara kukawa kimya. Akasikia Harrison akitikisa kopo la risasi. Tupu.

Dama akachomoka. Alisimama hatua tano mbele ya mumewe, mtutu umemwelekea kifuani. Sheria ya uwanja ilikuwa kwamba mtu wa karibu hivyo hapigwi kwanza, huambiwa ajisalimishe.

"Jisalimishe, Harrison."

"Dama..."

"Jisalimishe, au nafyatua."

Harrison akainua mikono. Wanawake wa laundri wakaingia uwanjani kwa vigelegele, wakambeba Dama juu juu.

Meneja wao, Bi Concepta, akaja kumpa mkono.

"Hongera sana! Na mumeo aliniambia wewe ni mwoga, hutaki kusimamia watu!"

Tabasamu la Dama likakatika.

"Alikwambia lini?"

"Januari. Nilitaka uwe msimamizi wa laundri. Alisema umemtuma aje akukatalie."

Dama akageuka.

"Harrison, mimi nilikutuma?"

Mwanamume akatazama viatu vyake.

"Hukunituma. Niliogopa. Niliona ukipanda cheo hutanihitaji tena."

"Nilikuwa nawe kwa sababu nilikupenda! Si kwa sababu nilishindwa kujitegemea."

Akamgeukia meneja. "Madam, nafasi ile imejazwa?"

"Aliyepo anaondoka mwisho wa mwezi."

"Naiomba. Naiomba kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Lete barua Jumatatu."

Barua alipeleka, na kazi akapata. Harrison naye, bila kuambiwa na mtu, alikwenda ofisini akaandika na kutia sahihi kwamba alikuwa amesema uongo. Dama hakupokea simu zake wiki tano. Ya wiki ya sita akaipokea.

"Dama, sikupigii kukwambia la kufanya. Nauliza. Naweza kuja Samburu kwa shangazi yako, tuzungumze mbele yake?"

"Njoo. Lakini uje kusikiliza."

Akaenda na ami yake, Mzee Shutu. Shangazi Kahaso aliwapokea uani, malori ya Mombasa yakipita barabara kuu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumwomba radhi mbele yenu. Nilimharibia kazi, nikamnyang'anya sauti. Kurudi au kutorudi ataamua yeye."

Shangazi akamtazama Dama. "Umesikia, mwanangu. Wasemaje?"

Dama akamgeukia mumewe.

"Nimekusamehe, Harrison. Nitaishi nawe. Lakini nyumba ile sirudi. Nimeona nyingine Ukunda, vyumba viwili, karibu na kazi yangu."

Harrison akafungua mdomo. Kila mtu akamngoja.

"Wahamia lini," akauliza, "nije nikubebee vitu?"

Dama akacheka, machozi yakimtoka. Shangazi Kahaso akapiga kigelegele kilichofika mpaka barabarani, na dereva mmoja wa lori akamjibu kwa honi.