Picha Aliyochelewa Baba

Kila jioni Chapuchapu aliweka kompyuta yake juu ya meza ya cherehani ya mama.

"Nikitaka kushona niombe ruhusa?" aliuliza mama.

"Dakika mbili tu, mama."

"Dakika zako nazijua!"

Jina la Chapuchapu alipewa na marehemu baba yake, kwa sababu kila kitu alikifanya mbio. Baba mwenyewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa mpiga picha hodari, lakini kwa kuchelewa hakuwa na mpinzani. Watu walimsubiri bibi harusi, kisha wakamsubiri yeye.

Ah, enzi hizo! Chumba hiki ndicho kilichokuwa studio. Kulikuwa na pazia la buluu, kiti cha kuzunguka na harufu ya dawa za kusafishia picha. Watu walichana nywele, wakakaa wima, wakaambiwa, "Usipumue!" Sasa kimebaki kiti. Chapuchapu alikikalia akijifunza kutengeneza kurasa za wavuti.

Safari hii alikuwa na sababu. Shangazi yake, dada yake baba, aliishi mbali, na macho yake yalikuwa yanafifia.

"Mwanangu," shangazi alimwambia kwenye simu, "niwekee picha za studio nizione kabla ya giza. Hasa ya kaka yangu."

Picha ya baba ilikuwa moja tu. Mpiga picha nani atampiga? Siku hiyo aliipanga familia yote, akatega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kujiunga nao. Akachelewa, kama kawaida yake. Kamera ilimnasa pembeni kabisa, upande wa kulia, mguu mmoja juu, anacheka.

Chapuchapu alimaliza ukurasa, akamtumia shangazi. Simu ikaita.

"Naona vijisanduku vitupu. Au ndiyo macho?"

"Mbona kwangu zinaonekana!"

Mama alimwita jirani wa mlango wa pili, dada aliyefanya kazi ya kutengeneza tovuti.

"Kwako zinaonekana kwa sababu zimo humu ndani," jirani alisema. "Tazama anwani ya picha uliyoandika. Inaelekeza kwenye kompyuta yako. Simu ya shangazi itaingiaje humu?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Weka picha kwenye folda moja na ukurasa. Kwenye anwani andika jina la picha tu. Kisha pandisha vyote mtandaoni, ukurasa na picha zake."

Akafanya hivyo. Shangazi akapiga tena, sauti imechangamka.

"Haya, nawaona! Wewe huyo, meno huna. Na mama yako, alivyokuwa mwembamba!"

Mama akanuna kidogo. Kisha sauti ya shangazi ikashuka.

"Kaka yangu simwoni."

"Yupo pembeni, shangazi."

"Hayupo, mwanangu. Basi, usihangaike. Macho yangu ndiyo yamekwisha."

Mama aligeukia dirisha.

"Macho ya shangazi hayana kosa bado," jirani alisema. "Fungua ukurasa kwenye simu ya mama."

Kweli, baba hakuwepo. Chapuchapu akataka kufuta kila kitu aanze upya.

"Weee, taratibu!" jirani akamshika mkono. "Badilisha kitu kimoja. Hifadhi, pandisha, pakia upya ukurasa kwenye simu, tazama. Ukibadilisha kumi kwa mpigo, hutajua dawa ilikuwa ipi. Kwanza zungushia kila picha mstari mwekundu."

Mistari ikatokea juu, chini na kushoto.

"Mstari wa kulia uko wapi?"

"Umetoka nje ya kioo cha simu."

"Na picha imetoka nao. Uliipa upana gani?"

"Pikseli elfu moja na mia mbili. Kwenye kompyuta ilikaa vizuri."

"Simu haina nafasi hiyo. Na hapa umeandika kinachozidi kifichwe."

"Nilipopunguza dirisha la kompyuta, ukurasa uliteleza kando. Nikaona niufiche."

"Umefunika kidonda, hukukitibu. Ondoa hilo la kuficha. Kisha iambie picha upana wake usizidi asilimia mia moja ya sanduku inamokaa. Urefu ujipange wenyewe."

Chapuchapu akaondoa la kuficha, akahifadhi, akapandisha, akatazama. Akaandika la pili. Mstari mwekundu ukatokea upande wa kulia. Na baba akatokea nao, mguu juu, anacheka.

"Mtazame!" mama alisema, akicheka huku anafuta machozi. "Na viatu vyenyewe ndivyo vya harusi yetu."

Chapuchapu aliondoa mistari. Akaukagua ukurasa kwenye kompyuta, akaukagua kwenye simu. Hapo ndipo alipompigia shangazi.

Shangazi akafungua ukurasa. Kisha kicheko, kile kile cha baba.

"Huyu hapa! Amechelewa tena, mjinga huyu."

"Umemwona, shangazi?"

"Nimemwona. Usikate simu, mwanangu. Bado namtazama."

Chapuchapu hakukata.