Soda Mpya, Kopo la Zamani

Mwaka 1998, ukipita karibu na nyumba ya Zuhra pale Ujiji asubuhi, harufu ya mawese ya moto ilikupokea barabarani. Zuhra alikuwa mpika sabuni. Aliianza kazi hiyo kabla binti yake Nasra hajazaliwa, na sasa Nasra alikuwa mwaka wa pili chuoni. Ukimwuliza Zuhra aliisomea wapi, alikuonyesha mikono yake. Ilikuwa migumu, yenye sugu mpaka kwenye ncha za vidole.

Vipimo vyake vilikuwa kichwani. Dumu moja la mawese, lita ishirini. Makopo matatu ya kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Maji chini kidogo ya nusu ndoo. Sabuni yote iliyotoka kwenye dumu moja aliiita mpiko, na kila mpiko ulitoa vipande sitini. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kuukuu, limebonyea ubavuni. Mtu asingethubutu kulichotea maji. Ungekuwa ugomvi wa siku tatu.

Msaidizi wake aliitwa Elida. Mwaka 1996, vita ilipofika kwao Kongo, Elida alivuka ziwa akiwa na mimba kubwa na kifurushi kimoja cha nguo kilichofungwa kwa kitenge. Zuhra alimpa chumba cha uani. Elida akajifungua mtoto wa kike, Rahabu, na Zuhra akamfundisha kazi. Sasa walipika kwa zamu. Mpiko huu Zuhra, unaofuata Elida. Mpishi wa siku hiyo ndiye aliyepima soda mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimkera Zuhra, nacho ni daftari. Nasra alilileta likizo iliyopita.

"Mama, kila mpiko uupe namba," alisema. "Andika tarehe, umenunua nini, kwa bei gani, na nani kapika. Halafu ikwangue ile namba kwenye kila kipande kwa msumari."

"Mimi nauza sabuni. Siandikishi watoto shule," Zuhra alijibu.

Lakini Elida alilipwa kwa mpiko, na daftari lilipunguza mabishano. Basi Zuhra akaandika, huku ananung'unika.

Alhamisi moja mwezi wa sita, jirani yao Skolastika aliingia uani bila hodi. Skolastika ni mtu wa kusalimia kila anayekutana naye kwa Kiha chake, hata mbuzi anaweza kupewa "mwakeye". Siku hiyo hakusalimia mtu. Alikuwa amembeba mwanawe. Mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu, ngozi imebabuka.

"Mama Nasra, tazama. Nimemwogesha kwa sabuni yako."

Zuhra alimsogelea mtoto. "Umempeleka zahanati?"

"Nimetoka huko. Nesi kasema nimmwagie maji safi mengi, nisimpake mafuta wala majani. Atapona. Lakini kaniuliza, sabuni gani hii?" Skolastika akatazama chumba cha uani, kisha akashusha sauti. "Mimi mkono wako naujua. Miaka yote hujamwunguza mtu. Ni huyu mkimbizi wako. Mtaa mzima unasema anatia vitu."

Ijumaa, mteja wa soko la Mwanga alirudisha katoni nzima. Wanawake wawili walikuwa wamebabuka mikono. Zuhra aliogopa kweli. Sabuni ndiyo iliyomlisha. Sabuni ndiyo iliyomlipia Nasra ada. Na mtu mwenye hofu hutafuta wa karibu wa kumlaumu. Alimkuta Elida anaosha mwiko. Akamnyang'anya.

"Uliweka nini?"

"Makopo tatu, mama. Kama vile ulinifundisha. Miye sikuongeza kitu."

"Mbona inaunguza?"

"Sijui, mama. Hata miye mikono inaniwaka."

Maneno hayo ya mwisho Zuhra aliyasikia, lakini hakuyasikiliza. "Jumatatu kuna gari la kwenda kambi ya wakimbizi," alisema. "Utakwenda."

Elida aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Miaka miwili Ujiji, na nguo zake zilitosha kifurushi kile kile kimoja.

Jumamosi Nasra alishuka kwenye treni akiwa amebeba begi zito la vitabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari."

Nasra hakuhitaji kuambiwa kuwa nyumba haina raha. Jiko lilikuwa baridi. Elida alikuwa ameketi mlangoni na mtoto, kifurushi kando yake. Mama yake alimweleza yote kwa mkato. Nasra akaweka begi chini.

"Mama, nina kazi ya likizo," alisema. "Walimu wanne wametupa moja. Uhasibu, fedha, takwimu na kemia. Kila mtu achague biashara moja, azitumie zote nne. Nilitaka kuandika juu ya kiwanda cha sabuni cha Dar es Salaam."

"Kiwanda! Andika juu ya mama yako anayefilisika."

"Ndiyo nitakachoandika. Naomba daftari."

Jumapili asubuhi Nasra alitandika gazeti mezani. Stoo kulikuwa na vipande vya mipiko minane. Alitoa vipande vitano katika kila mpiko. Zuhra alishangaa kuona anavitoa kwa kura, akiokota vikaratasi vyenye namba.

"Si uchukue vile vya juu?"

"Nikichagua kwa macho nitachukua ninavyovitaka mimi. Nikitaka kumwona Elida ana kosa, nitampata na kosa. Kura haina rafiki. Mwalimu wa takwimu alitufundisha hivyo, na mimi nilidhani ni maneno ya mtihani."

Akavaa glavu za mpira. Akatoa kichupa alichopewa na maabara ya chuo kwa ajili ya kazi ile ya likizo.

"Dawa hii haina rangi, mama. Ikikuta soda iliyobaki kwenye sabuni, inageuka nyekundu ya waridi. Soda ikiwa imekwisha kushikana na mafuta, inabaki bila rangi."

Tone moja kwa kila kipande. Vipande arobaini. Elida alisogea kutoka mlangoni, akasimama mbali kidogo, amemkumbatia Rahabu. Skolastika naye alikuwa amekuja kusikia habari. Kila tone lilipodondoka, wote walinyoosha shingo.

Mipiko minne ya kwanza haikugeuka. Kipande kimoja tu kati ya ishirini kilionyesha wekundu hafifu.

"Hicho cha nani?" Zuhra aliuliza haraka.

Nasra alitazama namba, kisha daftari. "Chako, mama."

Skolastika akakohoa kuficha kicheko.

Mipiko minne ya mwisho ikawa habari nyingine. Matone yaligeuka waridi, moja baada ya jingine. Vipande kumi na vinane kati ya ishirini.

"Haya," alisema Nasra, "nani kapika mpiko namba tano?"

"Mimi," Elida alisema polepole.

"Namba sita?"

Zuhra alikuwa amekwisha kuona jina lake mwenyewe daftarini. 

"Wewe, mama. Namba saba Elida, namba nane wewe. Katika minne mizuri, wewe miwili, Elida miwili. Katika minne mibaya, wewe miwili, Elida miwili. Kosa halifuati mtu. Linafuata tarehe."

 Zuhra aliitazama mikono yake, ile aliyojivunia. Sugu zake hazikuhisi kitu. Elida alikuwa amesema mikono inamwaka, na yeye hakumsikiliza.

"Sasa, tarehe gani?" Skolastika aliuliza. Alikuwa amesahau aliyoyasema juu ya Elida.

Nasra alipitisha kidole kwenye ukurasa wa manunuzi. "Hapa. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano. Mama, umeandika 'soda, gunia jipya'."

"Ndiyo. Ile ya zamani ilikuja kwa meli kutoka Bujumbura. Tangu vita haiji. Hii muuzaji kaitoa Dar es Salaam kwa treni. Lakini soda ni soda."

"Ile ya zamani imebaki?"

Ilibaki kidogo, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nasra alimimina kiasi kwenye karatasi, na ile mpya kwenye karatasi nyingine. Ya zamani ilikuwa vipande vyembamba, kama magamba ya samaki. Mpya ilikuwa punje ndogo za mviringo. Skolastika akaazima mizani kwa muuza dagaa wa jirani. Alikimbia mwenyewe.

Nasra alijaza kopo la Zuhra soda ya zamani, akapima. Gramu mia nane. Akalijaza soda mpya, kopo lile lile, mpaka mdomo ule ule. Kilo moja kamili.

"Magamba yanaacha nafasi katikati," alieleza. "Punje zinabanana. Kwa jicho ni kopo moja. Kwa mizani kuna gramu mia mbili zaidi. Makopo matatu, gramu mia sita. Dumu moja la mawese linataka kilo mbili na gramu mia nne. Nyinyi mmetia kilo tatu."

"Na hiyo iliyozidi inakwenda wapi?" aliuliza Elida.

"Haiendi popote, dada. Mafuta na soda vinashikana. Kiasi hiki cha mafuta kinashika kiasi hiki cha soda, basi. Iliyozidi haina wa kushikana naye. Inabaki ndani ya sabuni mpaka ikutane na ngozi ya mtu."

Elida akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mtungi. "Basi si miye," alisema. Machozi yakamtoka.

"Si wewe," Zuhra alisema. "Ni mimi. Nilikufundisha kopo, nikakulaumu kwa kopo. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa na hofu, lakini hofu si sababu." Alichukua mwiko ukutani, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Jumatatu huendi popote. Shika mwiko wako."

Elida alipangusa macho. Hakuupokea mara moja. Alitazama mezani.

"Nitaukamata, mama. Lakini unipatie na mizani."

Zuhra akacheka, na kicheko hicho kilimshangaza mwenyewe. Ilikuwa siku tatu hajacheka.

Ikabaki sabuni mbaya, karibu vipande mia mbili na arobaini. Zuhra alitaka kuvitupa shimoni.

"Ngoja," alisema Nasra. "Ukivitupa, mtaji wa mipiko minne umekwenda. Soda imezidi kwa sababu mafuta yamepungua. Kila mpiko ukiongezewa lita tano za mawese, soda itapata wa kushikana naye. Mipiko minne, lita ishirini. Unanunua dumu moja tu. Na mafuta hayo yenyewe yatakuwa sabuni, unapata vipande arobaini vya ziada. Dumu linajilipa."

"Dumu moja tu?" Zuhra aliuliza mara mbili. Aliketi chini. 

Wiki ile walifanya kazi pamoja. Walivaa glavu, wakajifunga khanga puani, wakamwacha Rahabu kwa Skolastika. Waliikata sabuni vipande vidogo. Waliiyeyusha na maji kidogo kwenye pipa la chuma, kwa moto mdogo. Hawakutumia sufuria ya alumini, maana soda huila. Wakatia mawese, wakakoroga mpaka ikawa nzito, wakamimina kwenye maboksi.

Kisha wakapika mpiko mpya, namba tisa. Elida alipima. Aliweka kopo tupu kwenye mizani kwanza, akajua uzito wake. Halafu akatia soda mpaka kipimo kamili. Aliimimina soda ndani ya maji, taratibu, wala si maji juu ya soda, kwa sababu maji yakimwagwa juu yake huchemka na kuruka usoni.

"Sasa tuuze," alisema Zuhra.

"Wiki nne, mama. Iache ikauke na ikamilike. Tupime tena kwa matone, ndipo tuuze."

Zuhra akatafuta kalamu. Akaandika tarehe kwenye daftari.

Wiki nne baadaye Nasra alikuwa amerudi chuoni, lakini alikuwa amewaachia kichupa. Elida alipiga kura ya vikaratasi, akadondosha matone. Hakuna kilichogeuka. Vipande vya Mwanga vikauzwa vyote kwa siku mbili. Ndani ya katoni Zuhra alitia karatasi: "Imepimwa." Daftari nalo lilimwonyesha jambo ambalo kichwa chake hakikuwahi kumwambia. Gunia la soda mpya sasa lilipika mipiko mingi zaidi kuliko lilipopimwa kwa kopo, kwa bei ile ile.

Barua ya Nasra ilifika mwezi wa nane. Kazi yake ilikuwa imepata alama za juu darasani. Mwalimu wa kemia aliandika pembeni kwamba anataka kuliona hilo kopo.

"Aje alione," alisema Zuhra. "Sasa ni la kuchotea maji."

Skolastika alikuja jioni hiyo na mwanawe, mapaja yamepona, ngozi laini. Safari hii alisalimia kila mtu, na alianza na Elida. Kisha akakohoa, akasema mtaani amekwisha kuwaeleza wote habari za magamba na punje. Alikuwa amezunguka nyumba zile zile alizozunguka mwanzo akimsema Elida. Akanunua vipande viwili.

Elida alimhesabia chenji, akarudi kufua. Kitenge kilichofungia kifurushi kilikuwa kambani, kimefuliwa kwa sabuni namba tisa, kinakauka.