Hina Kwenye Kucha za Mbwa

Jua lilikuwa limebakiza shubiri moja lizame Idman aliposema imetosha. Tangu asubuhi alikuwa akiwachanja mbwa na paka wa Sangailu dhidi ya kichaa, na mikono yake ilinuka manyoya na spiriti.

"Bado boma moja, abaayo," Fatumo akasema; dada, ndivyo walivyoitana tangu shuleni. "Kwa eeddo yangu, dada yake baba. Ana mbwa mmoja tu."

Angekuwa mtu mwingine, Idman angekataa. Lakini huyu alikuwa Fatumo. Walilala kitanda kimoja bwenini miaka minne. Ndiye aliyemtafutia kazi hii, mwenzake wa awali, Hamdi, alipoiacha akaenda kuolewa Bute. Basi wakamwacha Dekow, dereva wao, kando ya barabara, wakaingia porini kwa miguu.

Boma lilizungushiwa ua wa miiba. Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na kuku. Harufu ya uvumba ilikuwa nzito hadi ikamkereketa koo. Mlangoni mwa kibanda alikaa mwanamke mzee, na salamu yao hakuiitikia.

Mbwa alifungwa kwenye mti. Jike, mweupe, mkimya.

"Wewe mpime, mimi naandika," Fatumo akanong'ona.

Idman akavaa glavu, akaanzia kichwani kama ilivyokuwa kawaida yake. Masikio yamesimama. Pua kavu. Meno... meno yalikuwa madogo, yamepangana, hayana chonge. Akadhani ni giza. Akashuka mabegani, kifuani, akaushika mguu wa mbele.

Mbwa hukanyagia vidole vinne. Cha tano, kile kidogo, huning'inia juu, hakigusi chini.

Huyu alikanyagia vitano.

Idman akawasha tochi ya simu. Kucha zilikuwa bapa, pana, na ncha ya kila moja ilikuwa na rangi nyekundu iliyoiva.

Hina.

Hina ya zamani, ile inayosukumwa mbele na kucha inayokua, kama ya bibi harusi miezi kadhaa baada ya sherehe.

Akapapasa mguu wa nyuma. Kisigino cha mbwa hukaa juu, kimechomoza nyuma ya mguu. Cha huyu kilikuwa ardhini. Kipana. Kimepasukapasuka.

"Fatumo... huyu si..."

"Endelea, abaayo."

Sauti yake haikuwa na mshangao hata chembe. Idman akampokonya ile fomu, akaimulika.

*Jike. Miaka ishirini na tisa. Sikio la kulia limetobolewa mara mbili. Kovu la moto chini ya titi la kushoto. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepinda.*

Wino ulikuwa umekauka zamani. Na lile kovu lilikuwa lake yeye Idman... hakuna aliyelijua ila mama yake mzazi, na yule aliyekuwa akioga naye shuleni.

"Mwanangu Qali alikuwa anakufa," Fatumo akasema huku machozi yakimtiririka. "Eeddo alisema atamponya akipewa mtu mmoja tu. Nikamleta Hamdi. Qali akapona. Mwezi uliopita homa ikarudi, eeddo akasema mmoja hatoshi."

Yule mzee akasimama.

Fatumo akalivuta tawi la miiba, akauziba mlango wa ua, akasimama hapo mlangoni.

"Haiumi ukitulia," akanong'ona. "Wallahi, Hamdi hakulia."

Mbwa akalia.

Kilikuwa kilio cha mwanamke, kimebanwa ndani ya koo lisilo lake. Akaruka. Kamba ikakatika. Akaudaka mkono wa Fatumo kwa meno yale madogo, wakaanguka wote wawili. Idman akapita juu yao, miiba ikimchana mapaja. Nyuma yake akasikia mlio mmoja mfupi... kisha kimya. Hakugeuka. Hilo ndilo linalomnyima usingizi hadi leo.

Barabarani, Dekow alimkodolea macho.

"Kwani hulali huko? Fatumo alinipigia saa nane. Alisema wewe utabaki kwa eeddo yake, nimngoje yeye peke yake."

Saa nane walikuwa wakila wali sahani moja. Fatumo aliinuka mara moja tu, akasema anakwenda kutawadha.

Kesho yake wazee walikwenda pale na polisi. Walikuta majivu na ua uliobomoka. Fatumo, mkono wake umefungwa bandeji, aliapa kwamba aliumwa na mbwa wa kupita, na kwamba Idman alichanganyikiwa kwa jua kali. Wakamwamini. Alikuwa mtoto wao.

Idman akarudi Garissa. Akaenda mtaa wa Bulla Iftin, kwa Maryan, mama yake Hamdi, akamsimulia yote bila kuficha neno. Maryan hakupiga ukemi. Hakumwita mwongo. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Kidogo, hooyo."

Maryan akajifuta macho kwa pindo la mtandio. "Kila Ijumaa simu yake inanipigia. Hasemi. Anahema tu. Namwita, namwita... anahema. Hata jana alipiga."

Idman alikuwa akiuwaza mkono. Kwa maana mbwa hawezi kubonyeza simu. Yuko mtu anayeitafuta namba ya mama, akaiweka simu karibu na mdomo ule, akaishika hapo, akangoja kimya hadi mama achoke kuita.