Hesabu ya Wapita Njia

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya kilima cha Nsambya, Nerima alikuwa na kazi zake: kuteka maji, kufagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake, na kutundika mlangoni sare za shule zilizokwisha kushonwa ili wapita njia wazione. Kazi hizo zilitaka mtu mtulivu, na utulivu ndicho kitu alichonyimwa Nerima. Alikuwa kiguu na njia. Angeanza kufagia, asikie honi barabarani, atupe ufagio akatazame. Angetumwa sindano kwa jirani, arudi na habari za mtaa mzima, sindano ameisahau huko huko.

"Nerima, wewe hata maneno ya mtu huyasubiri yaishe," mama yake, Nasike, alizoea kumwambia.

Nyumba yao ilikuwa katika Njia ya Bomba, kichochoro chembamba kilichoanzia barabara kuu karibu na reli, kikapanda kando ya kambi ya polisi hadi kwenye bomba la maji. Nasike na mumewe walikuja kutoka Kenya, wakaijenga nyumba hiyo chumba kwa chumba, mwaka baada ya mwaka. Baba alifanya kazi ghalani na aliondoka alfajiri. Mama alishona barazani. Taabu ilikuwa wateja. Watu wengi waliotoka barabara kuu walipitia Njia ya Hospitali, upande wa pili wa kambi hiyo, na sare za Nasike zilibaki zikipigwa na vumbi mlangoni. Siku hizo mama alianza kusema kwamba mambo yakiendelea vile atauza cherehani. Nerima aliposikia hivyo alikimbilia mlangoni kutazama kama kuna mteja anayekuja.

Kampala yenyewe wakati huo ilikuwa haitulii. Leo unapita mahali, kesho pamezungushiwa mabati. Keshokutwa ghorofa inachomoza. Mtaani hapakuwa na mazungumzo mengine ila barabara mpya ya mabasi. Wengine walifurahi, wengine waliogopa, lakini hakuna aliyelala usingizi wake wa kawaida.

Jumamosi moja, Nerima akienda bombani, alisikia honi, akateremka na dumu lake hadi barabarani, akamkuta dada mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki pale njia inapoanzia, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Mkononi alishika kidude cha chuma. Kila mtu alipopita, dada alikibonyeza, nacho kikalia tik.

"Habari yako, dada. Unafanya nini?"

"Nzuri, nyabo," alijibu yule dada, akimwita bibi kwa Kiganda. "Naitwa Jalia. Nahesabu watu. Mwenzangu yuko kule Njia ya Hospitali, naye anahesabu. Tunataka kujua kituo cha basi kiwekwe wapi."

"Kwani mtakiweka wapi?"

"Pale wanapopita watu wengi. Halafu hiyo njia yenyewe..."

Nerima hakuwa na haja na njia yenyewe. Alikwisha kutimua mbio, dumu la maji likimgonga mguuni, hadi kambini kwa rafiki yake Akidi, binti wa Sajenti Obwona.

"Akidi! Tukipita wengi, kituo kinakuja kwetu! Mama atapata wateja!"

"Lakini sisi si wengi," alisema Akidi.

"Tutakuwa wengi."

Walikusanya watoto wa kambini na wa kichochoroni. Nasike alikuwa amekwenda mjini kununua uzi, hivyo Nerima aliziondoa sare mlangoni moja baada ya nyingine. Kazi ikaanza. Watoto waliteremka mbele ya Jalia, wakazunguka nyuma ya ukuta wa kambi, wakapanda, wakateremka tena. Mara hii sare ya bluu, mara hii ya kijani. Mara dumu kichwani, mara mtoto mgongoni, mara leso ya bibi wa mtu. Ungekuwepo ungedhani Nsambya nzima imehamia Njia ya Bomba.

"Wewe kijana," Jalia alimwuliza mmoja wao, "si umepita sasa hivi?"

"Huyo ni pacha wangu," akajibu yule mtoto bila kupepesa macho.

Jalia alimtazama, akatikisa kichwa. Lakini agizo alilopewa kazini lilikuwa kwamba anayepita anahesabiwa. Tik. Jioni Nerima alizirudisha sare mlangoni, akazikung'uta vumbi, akajiona ana akili kuliko wapimaji wote wa Kampala.

Majuma yakapita. Nerima hakukaa kitako. Kila gari geni lililosimama barabarani alilikimbilia, akidhani limeleta kituo. Hatimaye Mwenyekiti Wahabi, kiongozi wa mtaa, aliwaita watu kwenye uwanja wa mpira kando ya kambi. Injinia Odera wa mradi wa barabara alitundika ramani kubwa ukutani.

"Ndugu zangu, tulishangaa," alisema Injinia. "Hatukujua kwamba Njia ya Bomba inapita watu wengi kiasi hiki. Kwa hiyo, kituo kitajengwa hapo."

Watu wakapiga makofi. Nerima akamkumbatia Akidi, wakarukaruka.

"Na kwa kuwa watu ni wengi hivyo," Injinia aliendelea, "kichochoro hakitawatosha. Lazima kipanuliwe. Nyumba zote za upande wa chini, kutoka barabarani hadi bombani, zitaondolewa."

Makofi yakakatika. Injinia alipitisha kalamu polepole juu ya ramani, na kila ilipopita, mtu fulani uwanjani aliona nyumba yake ikikatwa. Nyumba ya Nasike ilikuwa chini ya kalamu hiyo. Ya Mama Alum, jirani yao, mjane wa askari, ilikuwa hapo pia. Mama Alum alikaa chini kwenye nyasi, wajukuu wakimshika mabega.

"Mimi nitaenda wapi na watoto hawa?" aliuliza. "Vita ilinitoa kwetu kaskazini. Nikafika hapa, nikasema basi, sasa nimefika."

Nerima aliuachia mkono wa Akidi.

Nasike akasimama. "Injinia, mimi nakaa mlangoni pale kutwa. Hao watu wengi ni watu gani? Mbona siwaoni? Wangekuwa wengi hivyo, si ningekuwa nimeshashona sare za Kampala yote!"

Watu wakacheka, lakini kwa uchungu.

"Mama, tuliweka mtu, akahesabu," alisema Injinia. "Hesabu haina chuki na mtu."

"Basi huyo mtu wenu amekula mlungula!" sauti ikapaa kutoka nyuma, na nyingine zikaidaka. Macho yote yakamgeukia Jalia, aliyekuwa amesimama kando ya ramani na kizibao chake cha machungwa.

"Jalia," Injinia aliuliza kwa ukali, "ulihesabu sawasawa? Kama uliharibu, kazi huna kuanzia leo."

"Nilihesabu kila aliyepita, ssebo, bwana wangu," alijibu Jalia, akiinua kile kidude chake cha chuma.

Miguu ya Nerima, ile isiyotulia, sasa ilikataa kwenda. Akidi alimfinya mkono. "Nyamaza wewe! Baba yuko hapa!" Lakini Nerima alimtazama Mama Alum pale chini, akamtazama Jalia, akaona kwamba akinyamaza wote wawili wataumia kwa ajili yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imekwisha. Liwalo na liwe, akajisemea, akapenya katikati ya watu hadi mbele.

"Si yeye," alisema. "Ni sisi. Tulipita watoto wale wale. Tulikuwa tunazunguka nyuma ya kambi na kurudi. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, na sare nilizitoa mlangoni kwa mama."

Nasike alijifunika uso kwa viganja.

"Kwa nini?" aliuliza Injinia.

"Nilitaka kituo kije kwetu, mama apate wateja, asiuze cherehani. Sikujua mtabomoa nyumba."

"Nilikuwa nakuambia," Jalia alisema kwa sauti ya chini. "Ulikimbia kabla sijamaliza."

Nerima akaanza kulia. Kisha alisikia mtu amesimama karibu naye, alikuwa Akidi. "Mimi pia nilipita," alisema Akidi bila kumtazama baba yake. Wakaja wengine, mmoja mmoja. Hata yule mwenye pacha akaja, peke yake.

Uwanja ukachafuka. Mwenyekiti Wahabi alitaka watoto wachapwe viboko papo hapo, mama mmoja akapiga kelele kwamba wake hachapwi na mtu, na Injinia akajifuta jasho mpaka leso ikalowa.

"Ramani hii haijapitishwa," alisema alipopata nafasi. "Tutahesabu upya. Lakini siahidi kitu. Hesabu ikija vile vile, nyumba zitaondoka."

Usiku huo Nasike hakumchapa bintiye wala hakumsemesha, na hilo lilimwuma Nerima kuliko fimbo. Siku ya kuhesabu ilipofika, alimshika mkono, akampeleka Njia ya Hospitali, akamkabidhi kwa Jalia, ambaye sasa alihesabu huko. "Atakaa nawe hadi jioni. Asiinuke. Aone watu wanavyopita."

Nerima alikaa. Asubuhi alitaka kuruka kutoka kwenye kiti. Miguu ilimwasha, kila honi ilimwita. Lakini polepole alianza kutazama. Walipita kina mama na watoto wenye homa mgongoni, wakielekea hospitali. Walipita wake wa askari na mafungu ya mboga. Wanafunzi walishikana mikono, wakasubiri, wakakimbia kuvuka barabara kati ya bodaboda. Mzee mmoja mwenye magongo alijaribu kuvuka, akarudi, akajaribu tena. Dereva mmoja akamtukana.

"Kituo kingejengwa kwetu," Nerima aliuliza, "hawa wangefanyaje?"

"Wangeendelea kuvuka hivi hivi," alijibu Jalia. Tik.

Nerima alimfuata yule mzee kwa macho mpaka alipovuka.

Hesabu ya kweli ilipotoka, kituo kilipelekwa Njia ya Hospitali, pamoja na kivuko cha waendao kwa miguu. Njia ya Bomba ilibaki kichochoro kama zamani, nyumba zake zote zimesimama. Jalia alibaki kazini. Mama Alum alicheka, kisha akalia, kisha akapika ugali wa mtaa mzima. Nasike naye alisema, "Kama wateja hawaji kwangu, nitawafuata mimi." Sajenti Obwona alimwombea ruhusa kwa wakubwa wake, Nasike akatundika sare zake karibu na lango la kambi, na kabla ya muhula kufunguliwa wateja walikuwa wengi hata Nerima akawa akimsaidia mama kushona vifungo.

Lakini Sajenti hakuwa amesahau ule uongo. Jioni moja aliwaita watoto wote langoni, akawapanga mstari kama makuruta.

"Sasa sikiza," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nyinyi mnafikiri uongo yenu ilikuwa mchezo. Hapana. Nerima alitaka kusaidia mama, hiyo ni nzuri. Lakini alitaka kusaidia mama kwa kitu ya wengine. Alisimama mbele ya watu akasema ukweli, na mimi nasema asante, kwa sababu wazee wengi hawawezi kufanya hivyo. Ila kumbuka hii. Mtu mmoja ni mtu mmoja. Ukijifanya watu kumi, wale tisa wa uongo wanakalia nafasi ya watu tisa wa kweli. Yule mzee wa magongo Nerima aliniambia, alikuwa anavuka barabara peke yake, na nafasi yake mlikuwa mmekalia nyinyi."