Zimwi Lisilo na Kisogo

Sogeeni, watoto, sogeeni karibu. Hadithi ya leo inatisha kidogo.

Zamani sana, huko Ugiriki, palikuwa na msichana mdogo aitwaye Nikareti. Baba yake alitengeneza vinyago vya waigizaji, kwa kitambaa na gundi.

Vinyago vilianikwa kwenye kamba, katika chumba cha uani. Kimoja kilikuwa na macho matupu na mdomo wazi. Upepo ulipoingia mdomoni, kililia.

Huuu, huuu, zimwi linalia.

Nikareti alikiogopa mno. Mlango wa chumba kile aliupita mbio.

Siku moja baba alikwenda mjini. Mama naye akaenda kisimani. Alimwachia Nikareti mdogo wake, Damoni, amwangalie.

Nikareti aligeuka kidogo tu. Kutazama tena, Damoni hayupo.

Mara akasikia kilio cha mtoto. Kilitoka chumbani kwa vinyago.

Huuu, huuu, zimwi linalia.

Nikareti akasimama mlangoni. Alitaka kukimbia, lakini nani angemtoa Damoni?

Basi akaingia. Hofu haikumtoka, aliingia nayo. Du, du, du, moyo ulimdunda.

Damoni alikuwa pembeni, ameugeukia ukuta, analia. Kinyago kilining'inia juu yake. Kilimtumbulia macho Nikareti.

Nikareti alikiona kisogo cha Damoni. Akawaza. Damoni ana kisogo. Hata mbuzi wetu ana kisogo. Je, zimwi?

Akazunguka nyuma ya kinyago. Nyata, nyata, nyata.

Hakuna kisogo. Hakuna hata kichwa. Kulikuwa na kitambaa, gundi, na alama za vidole vya baba.

"Kumbe ni wewe tu," akasema polepole.

Akakishusha, akakivaa. Akachungulia kwenye matundu ya macho.

Damoni akageuka. Akapiga yowe. Maskini, sasa alimwogopa dada yake.

Nikareti akakivua upesi. Akakigeuza, akampa mdogo wake akishike kwa nyuma.

"Tazama, Damoni. Hakina kisogo. Hakiwezi kukula."

Damoni akakitazama kinyago. Akamtazama dada yake. Bado alikuwa na wasiwasi.

Akanyoosha kimkono chake. Akampapasa Nikareti nyuma ya kichwa, taratibu.

Kisogo kilikuwepo, kina nywele na jasho.

Ndipo Damoni akamlalia dada yake begani, akalala fofofo.